Albamu Isiwe Kazi ya Mwisho

Wapigapicha wanaoishi kwa kazi za harusi wana ubishi wa siku nyingi kuhusu programu za kupanga albamu. Upande mmoja unasema programu kama SmartAlbums ya Pixellu na Fundy Designer zimewaondolea usiku mzima wa kukokota picha moja moja ndani ya Photoshop. Upande wa pili, wenye watu wengi waliojifunza kupanga kurasa kwa Photoshop au InDesign, unaona kwamba mpigapicha amepokonywa sehemu ya kazi iliyobeba jicho lake, na kwamba albamu zinazotoka kwenye programu hizo zimeanza kuwa na sura moja.

Mimi niko karibu zaidi na upande wa kwanza, ingawa naona unajitetea kwa hoja iliyo dhaifu kuliko zote ulizo nazo: kasi. Ukisema programu inapanga albamu kwa saa moja badala ya siku nzima, mwenzako atakujibu, kwa haki kabisa, kwamba siku moja si gharama kubwa kwa kitu ambacho familia itakitunza miaka 50. Mazungumzo yanakwama hapo. Swali lenye uzito ni jingine: programu hii inaingia kwenye hatua gani ya kazi?

Kwa walio wengi inaingia mwishoni. Picha zinahamishwa kutoka kwenye kadi, zinachujwa, zinarekebishwa mwanga na rangi, zinasafishwa, zinapelekwa kwa mteja kwenye galari ya mtandaoni, mteja anaombwa achague za albamu, na orodha yake ikirudi ndipo programu inafunguliwa. Ikiwekwa hapo inaokoa saa chache tu, na anayelalamika kwamba ada ya usajili hairudi ana sababu. Naamini mahali pake ni mapema zaidi: mara tu baada ya kuchuja na kusawazisha rangi kwa jumla, kabla ya kusafisha picha hata moja, na kabla mteja hajaulizwa achague chochote.

Tuchukue harusi moja kwa mfano. Fremu 3,000 zimechujwa, zimebaki 600. Albamu ya jozi 15, kila jozi ikiwa ni kurasa mbili zinazotazamana, yenye wastani wa picha 5 kwa jozi, inabeba picha 75. Hiyo ni moja ya nane ya zile 600. Sasa kadiria dakika 5 za kusafisha kila picha kwa umakini: kupunguza mng'ao usoni, kufuta waya uliopita nyuma ya kichwa, kutuliza alama za ngozi, kunyoosha ukuta ulioinama. Picha 600 kwa dakika 5 ni saa 50. Picha 75 ni saa 6 na dakika 15.

Utaniambia hakuna anayesafisha zote 600 kwa kiwango hicho. Kweli, lakini tazama kinachofanyika badala yake. Mpigapicha asiyejua zipi zitaingia kwenye albamu hawezi kujua zipi zinastahili dakika 5, kwa hiyo anagawa muda wake kwa kubahatisha. Dakika moja moja kwa zote 600 ni saa 10, na saa hizo zikiisha hakuna picha hata moja iliyopata inachostahili. Ile ya bibi harusi na mama yake, ambayo itatandazwa kwenye jozi nzima, imepata dakika ileile iliyopata picha ya viti vitupu. Kisha orodha ya mteja inarudi, na nyingi kati ya zilizochaguliwa inabidi zifunguliwe upya. Kazi inafanywa mara mbili, na mara ya pili inafanywa huku harusi nyingine ikisubiri mezani.

Hesabu hii ndiyo inayonifanya nisikubali kuona programu ya albamu ikijadiliwa kama chombo cha kupanga kurasa tu. Ikifunguliwa mapema, inakuwa chombo cha kuamua wapi nguvu zako ziende. Saa 10 za kugawa dakika moja moja zinageuka kuwa saa 6 na robo za kazi makini, na zinazosalia kwenye galari, zile 525, zinabaki na marekebisho ya jumla ambayo kwa matumizi ya simu na skrini yanatosha kabisa. Mteja anapata albamu iliyosafishwa vizuri zaidi kwa muda mfupi zaidi. Sijasikia hoja inayoliangusha hilo, na nimezitafuta.

Utaratibu wenyewe unadai nidhamu. Programu hizi zinafanya kazi na JPEG, yaani faili za picha za kawaida, si faili ghafi (RAW) za kamera. Kwa hiyo baada ya kuchuja unatoa JPEG za picha zinazogombea nafasi, tuseme 150, zikiwa na marekebisho ya jumla tu. Unazipanga. Mpango ukikubalika unarudi Lightroom au Capture One, programu za kurekebisha picha, unasafisha zile zilizopata nafasi, unazitoa tena kwa majina yaleyale kwenye folda ileile, na programu inazisoma mpya mahali pa zile za awali. Kila kitu kinategemea jina la faili. Anayezipa picha namba mpya kila anapozitoa atajikuta akiunganisha picha 75 kwa mkono, kisha ataipa programu lawama zisizo zake. Majina yawekwe mara moja, siku picha zinapoingia kwenye kompyuta, na yasiguswe tena. Vivyo hivyo kukata kingo: ukiikata upya picha ndani ya Lightroom baada ya kuipanga, uwiano wake unabadilika na haiingii tena sawasawa kwenye nafasi uliyoitengea. Mpango ukishaanza, kukata kufanyike ndani ya programu ya albamu.

Na kama kazi ilipigwa kwa kamera mbili, saa zake zilinganishwe kwanza. Programu inapopanga picha kwa mfuatano inafuata saa iliyoandikwa ndani ya faili. Kamera ya pili ikiwa nyuma kwa dakika 4, machozi yatatangulia kiapo kilichoyaleta. Lightroom inarekebisha hilo kwa mkupuo mmoja, ilimradi umelikumbuka kabla ya kutoa JPEG.

Faida ninayoithamini kuliko zote watetezi hawaitaji kabisa, kwa sababu haionekani kwenye kompyuta. Inaonekana kwenye upigaji wenyewe. Kamera nyingi za kazi hutoa picha yenye uwiano wa 3 kwa 2. Albamu ya mraba ya sentimeta 30 kwa 30 ikifunguliwa inakuwa 60 kwa 30, yaani 2 kwa 1. Picha ya pikseli 6,000 kwa 4,000 ikitaka kujaza jozi hiyo inabaki 6,000 kwa 3,000. Robo ya kimo chake imekwenda. Kwa uchapaji bado inatosha, kwani pikseli 6,000 kwa sentimeta 60 ni kama 254 kwa inchi. Wachapaji wengi huomba 300, lakini kwa umbali wa mtu anayepekua albamu mapajani tofauti hiyo haisumbui. Kinachosumbua ni kilichokuwamo ndani ya robo ile. Kama maharusi walijaza fremu kuanzia viatu hadi utosi, hakuna pa kukata. Ukikata juu umegusa nywele, ukikata chini umewaondolea miguu.

Halafu kuna mkunjo wa katikati. Unapita kwenye pikseli ya 3,000, palepale ambapo mazoea hutufanya tumweke mtu. Hata albamu inayolala bapa ikifunguliwa ina mstari pale, na kitabu cha kushonwa kwa kawaida humeza sehemu ya picha ndani ya mkunjo. Uso uliopigwa katikati kwa ustadi wote unaishia kugawanywa katikati ya pua.

Mpigapicha anayepanga albamu yake wiki ileile ya harusi anakutana na robo hii na mkunjo huu akiwa bado anakumbuka alisimama wapi na kwa nini. Harusi inayofuata anarudi nyuma hatua mbili, anaacha nafasi juu ya vichwa, anamsogeza bibi harusi theluthi ya kushoto. Anaanza kupiga picha tulivu pia, mlango ulioachwa wazi, mikono, anga, kwa kuwa ameona jinsi albamu inavyohema pale zinapokosekana. Anayepanga miezi sita baadaye anaona kasoro hizohizo ila hazimfundishi kitu, maana tukio limeshapoa kichwani. Anayemtumia mtu mwingine ampangie hazioni kabisa. Inawezekana kujifunza haya kwa Photoshop pia, sikatai. Lakini kwenye Photoshop kila jozi kwa kawaida ni faili lake, na kuhamisha picha moja kutoka jozi ya 4 kwenda ya 7 kunamaanisha kuzivunja zote mbili na kuzijenga upya. Mtu akishachoka anakubali mpangilio wa kwanza unaofaa. Programu ya albamu inakuruhusu ujaribu mitano, na ni katika kujaribu ndipo unapoona fremu uliyoikosa.

Ubishi mkali zaidi uko kwa mteja. Wanaopinga kumpangia kabla hajachagua wanasema siku ni yake, kumbukumbu ni zake, na mpigapicha hana haki ya kumwamulia. Hoja hii imejaa heshima. Ni kweli kwamba hujui kuwa mzee yule aliyekaa pembeni, ambaye umempiga mara moja tu tena kwa bahati, ndiye aliyemlea bwana harusi. Ni kweli pia kwamba picha uliyoitupa kwa sababu imetikisika inaweza kuwa ndiyo pekee yenye kicheko cha dada aliyesafiri kutoka mbali.

Ila tuangalie heshima hiyo inaishia wapi. Kumkabidhi mtu picha 600 na kumwambia achague 75 ni kumpa kazi ya uhariri ambayo sisi wenyewe tunaiona ngumu, tena kwa picha ambazo kila moja ina mtu wake anayempenda. Wanachagua wawili, nyuma yao ziko familia mbili, kila upande na orodha yake. Mteja anachagua picha 9 za keki kwa sababu hajui zitakaaje ukurasani. Au hachagui. Wiki zinakuwa miezi, aibu ya kuchelewa inamfanya asijibu hata ujumbe wa kumkumbusha, na albamu iliyolipiwa haichapwi. Mpigapicha wa harusi aliyefanya kazi hii kwa muda ana mteja wa namna hiyo kwenye daftari lake, na mara nyingi zaidi ya mmoja. Watu hawa hawakuikataa albamu. Waliahirisha uamuzi ambao hawakupaswa kubebeshwa wao peke yao.

Mpango ulio tayari unampa mteja kitu cha kupinga. Akiwa anatazama ukurasa anaweza kusema "huyu mtoeni, hapa nataka bibi yangu" bila kujiuliza mara mbili, na programu hizi zina njia ya kumtumia kurasa mtandaoni ili aandike maoni yake juu ya jozi husika. Suala la yule mzee linatatuliwa kabla, kwa ombi moja: uandikiwe majina ya watu ambao lazima waonekane, na uonyeshwe nani ni nani. Mteja anabaki na neno la mwisho, na analitoa juu ya kitu anachokiona.

Hadi hapa nimeutetea upande mmoja. Wakosoaji nao wana jambo ambalo hawapewi haki yake, nalo ni msongamano. Programu inapanga kwa uwiano wa picha na kwa saa. Haioni kwamba watu wawili wanatazama nje ya ukurasa, wala kwamba picha ya kucheka imekaa ubavuni mwa ya kulia. Na zaidi ya yote, haikatai. Ukiweka picha 9 kwenye jozi itazitafutia nafasi zote 9 papo hapo, kwa pengo sawa kati yake, safi kabisa, na jozi itakuwa imekufa. Ugumu wa Photoshop ulikuwa unamlazimisha mtu achague. Wepesi umeondoa breki hiyo. Albamu zinazofanana ambazo wakosoaji wanazilalamikia zinatokana na hili zaidi kuliko templeti zenyewe, yaani mipangilio iliyotengenezwa tayari.

Breki lazima aiweke mpigapicha, na aiweke kwa namba kabla ya kufungua programu. Hapa hata mfano wangu wa juu unahitaji kubanwa. Ukitaka jozi 4 kati ya 15 ziwe na picha moja moja, ambao kwangu ndio uchache unaovumilika, jozi 11 zilizobaki zitabeba picha 71, yaani zaidi ya 6 kila moja. Tayari zimejaa. Ukishuka hadi picha 60, zile 11 zinabeba 56, kama 5 kila moja, na hapo kurasa zinapumua. Kwa hiyo 75 niichukulie kama dari. Na kitufe cha kujaza albamu nzima kwa mkupuo kiachwe. Acha programu ikusaidie kupanga picha ulizoziweka wewe kwenye jozi uliyoichagua wewe, basi.

Kuhusu rangi nitasema kidogo, kwa kuwa pande zote mbili zinakubaliana hata zisipojua: programu ya albamu si mahali pa kuamulia rangi. Uamue ndani ya Lightroom au Photoshop, ukitumia profaili ya mchapaji wako, yaani faili linaloeleza rangi za mashine na karatasi yake, kuona kwenye skrini jinsi picha itakavyotoka kwenye karatasi yake. Karatasi ya picha inayooshwa kwa kemikali na ukurasa uliotoka kwenye mashine ya uchapaji ya kidijitali kama HP Indigo havionyeshi weusi wa suti kwa namna moja.

Umiliki ni hofu nyingine ya haki. Faili la mradi linafunguka kwenye programu iliyolitengeneza, na kampuni hubadili mawazo. Apple iliacha kuuza Aperture, programu yake ya kurekebisha na kupanga picha, mwaka 2015, na tarehe 30 Septemba 2018 ikafunga huduma yake ya kuchapa vitabu na kalenda kutoka kwenye programu yake ya Photos. Waliokuwa na miradi humo walilazimika kutafuta njia nyingine. Anayetumia Photoshop anasema PSD yake, faili la Photoshop lenyewe, itafunguka kesho, na kwa sehemu kubwa yuko sahihi. Jibu langu ni kwamba usihifadhi mradi peke yake. Hifadhi JPEG za jozi zote zilizokamilika kwa ukubwa kamili, ambazo kwa albamu ya sentimeta 30, kwa pikseli 300 kwa inchi, ni pikseli 7,087 kwa 3,543 pamoja na ukingo wa kukatwa anaoutaka mchapaji, na ukiweza toa pia PSD yenye tabaka. Jozi 15 za namna hiyo ni mzigo mdogo sana ukilinganisha na faili ghafi za harusi nzima, na mchapaji yeyote mwenye kipimo hicho anaweza kuzichapa tena bila programu yoyote.

Si kila mtu anahitaji kulipa usajili wa programu ya albamu. Kitabu chenye maandishi marefu, kwa mfano cha kampuni au cha kumbukumbu ya shule, bado nakipeleka InDesign bila kusita, kwa kuwa programu za albamu ni dhaifu kwenye maandishi. Na anayepiga harusi 3 au 4 kwa mwaka anaweza kutumia sehemu ya vitabu iliyokuja na Lightroom 4 mwaka 2012, ambayo sasa imo kwenye Lightroom Classic. Mipangilio yake ni michache na vipimo vyake vimefungamana na Blurb, kampuni ya kuchapa vitabu, ingawa inaweza pia kutoa JPEG na PDF. Ina ubora mmoja ambao programu za albamu zinazojitegemea hazina: picha ukiisafisha, mabadiliko yanaonekana kwenye ukurasa papo hapo, bila kutoa faili upya wala kuhangaika na majina. Mpigapicha huyo anaweza kuchuja asubuhi, kupanga mchana, na kesho yake kuanza kusafisha picha 60 ambazo ameshajua zitakaa wapi na kwa ukubwa gani.